Yule Dada wa Kwenye Blogu Ni Mimi

Mmeisoma. Msinizungushe, najua mmeisoma, maana hata mzee aliyeleta suruali kupunguzwa juzi ameisoma, na macho yake yenyewe hayaoni hata kifungo cha shati lake. Ile habari ya mwanamke mshonaji aliyekubali kuitwa mgumba ili kumsitiri mumewe. Iliyowaliza watu, wakawatumia majirani, majirani wakawatumia mashemeji. Yule dada ni mimi. Aliyeandika ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Na kwa kuwa imeshasemwa na kila mwenye simu, leo naisema mimi mwenye nayo.

Mdogo wangu nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu alipojua kutamka mama. Alipopunguzwa kazi kwenye duka la vipuri vya simu alikuja kukaa kwangu, akilala chumba cha mbele, kati ya cherehani yangu na rundo la vitambaa vya wateja. Akasema haajiriwi tena na mtu, atafungua biashara mtandaoni.

"Utauza nini?" nikamuuliza.

"Nitaandika, dada. Blogu."

"Yaani watu watakulipa kwa kupiga domo?"

Akanikata jicho, akarudi kwenye simu yake.

Lakini bidii alikuwa nayo, siwezi kumnyima haki yake. Alijiunga na darasa la mtandaoni la bwana mmoja mwenye sauti laini, tukawa tunamwita Mwalimu, na kila asubuhi mimi nikipiga pasi yeye anafundishwa. Chagua jambo moja, usiwe muuza kila kitu. Chiriku akachagua ushonaji, maana mshonaji alikuwa pale pale na wa bure. Kichwa cha habari kimfanye mtu ashindwe kupita. Toa zawadi upate anwani ya mtu. Basi nikamchorea vipimo vya gauni la kawaida, akaviweka kwenye blogu. Ukivitaka unaandika baruapepe yako, unatumiwa. Hao wenye baruapepe ndio atakaokuja kuwauzia mafunzo ya video, na kuwaelekeza kwenye maduka ya mikasi na nyuzi, mtu akinunua yeye anapata kamisheni yake. Nilielewa, wala haikuwa kazi ya kipumbavu. Ile mikono mnayoiona kwenye picha za mwanzo, inayokata shingo ya gauni, ni yangu. Nilikuwa nakata polepole mpaka wateja wakanung'unika, ili simu ya Chiriku ipate kuona vizuri.

Hakuna aliyesoma. "Jinsi ya kutia zipu isiyoonekana" ilisomwa na mimi, na yeye, na mtu wa tatu ambaye tulifurahi naye sana mpaka tulipogundua ni Chiriku mwenyewe, kwa simu ya mume wangu. Mume wangu alicheka siku ile hadi akaweka kikombe chini.

Sasa mume wangu. Yeye ni fundi wa magari. Wenye watoto huitana mama fulani na baba fulani. Sisi hatukuwa na wa kutupa jina. Mwanzoni mwa ndoa, kwa utani tu, akaniita Fundi, nami nikamwita Fundi, ikabaki hivyo. "Fundi, chakula tayari." "Nakuja, Fundi." Kila mchana nilimpigia gereji kumuuliza kama amekula, na yeye hupokea vilevile, mbele ya wenzake, bila haya: "Naam, Fundi." Niliipenda ile naam. Nilikuwa nasubiri mchana ufike ili niisikie.

Daktari alituambia tukiwa tumekaa wote wawili mbele yake kwamba tatizo haliko kwangu. Fundi akatoka mle ndani ameikunja kofia yake mkononi mpaka ikawa kama tambara. Njiani nikamwambia, "Wakiuliza, ni mimi." Akasema, "Isitoke, Fundi. Nakuomba hilo tu." Na kweli ni hilo tu aliloniomba tangu anioe. Angalijua mama yake, angalijua kaka zake, yule mtu asingeinua tena uso kwao.

Basi ikawa ni mimi. Mama mkwe akawa ananiletea vitambaa nishone nguo za wajukuu zake, watoto wa wanawe wengine, na kila akija kuzichukua anazigeuza geuza na kusema, "Mikono mizuri. Bahati mbaya tumbo." Fundi akiyasikia hayo hutoka nje kuangalia gari ambalo halipo. Mimi nikajikaza kisabuni. Nashona, napiga pasi, nakunja, namkabidhi bibi wa watu nguo zake.

Ilitoka kwangu mara moja tu. Siku hiyo mama mkwe alisema mbele ya wateja kwamba afadhali cherehani, maana cherehani inatoa kitu. Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, Chiriku naye akalia kwa sababu mimi nalia, akaniuliza, nikasema. Nilimwapisha. Akaapa kwa kaburi la mama yetu. Najua mtaniambia, mtu mwenye akili timamu anampaje siri mtu anayeitwa Chiriku? Haya, ningempa nani? Ndugu ni wa nini?

Mwalimu naye akafika kwenye somo lake kubwa. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nazungushia uzi kwenye bobini. "Watu hawaji kwa ajili ya zipu," anasema. "Watu wanakuja panapouma. Andika kinachouma." Nikasema moyoni, huyu naye maneno mengi, nikaendelea na kazi.

Chiriku akaandika. Jina hakutaja, na hilo ndilo analonirushia usoni mpaka leo: "Dada, sikutaja jina!" Kweli hakutaja. Lakini Mwalimu alikuwa amemfundisha pia kwamba msomaji haamini bila vitu vidogo vya kweli. Kwa hiyo akaweka kofia iliyokunjwa. Akaweka mikono mizuri, bahati mbaya tumbo. Akaweka mume anayetoka kuangalia gari ambalo halipo. Na kwa kuwa ilikuwa tamu mno kuiacha, akaweka kwamba wanaitana Fundi. Halafu chini kabisa, baada ya machozi yote: "Bonyeza hapa upate vipimo vya gauni bure." Vile nilivyochora mimi.

Ikavuma. Chiriku akawa anaingia na simu hadi bafuni. "Dada, wanajiandikisha! Dada, wamejaa!" Nikamuuliza ni makala gani hiyo iliyowaleta. Akasema, "Ile ya mambo ya ndoa," akageukia dirishani. Nikampongeza. Nikampikia. Jamani, nilimpikia yule mtoto! Nilimpa hadi mnofu wa Fundi, nikisema leo ni siku yake.

Mchana uliofuata nikampigia Fundi kama kawaida. Akapokea, "Naam, Fundi." Hapo hapo nyuma yake ukalipuka mcheko, mcheko wa wanaume wengi, ule wa kupigapiga meza. Ukanichekesha na mimi. Nikacheka kwa nguvu, nikasema, "Leo mna raha huko!" Simu ikakatika.

Aliyekuja kunieleza ni mke wa mpiga rangi wa pale gereji, alipofuata sketi yake. Alisema akiwa anaangalia sakafu. Wanaume walikuwa wanakula, na mpiga rangi anawasomea habari kwenye simu, habari ya mwanamume fulani anayejificha nyuma ya gauni la mkewe. Wanaicheka wote, na Fundi wangu anacheka nao, kwa sababu asiyecheka ndiye anayetazamwa. Mpiga rangi akafika pale pa kuitana, akasoma kwa madoido, "Naam, Fundi." Mmoja wao akageuza shingo polepole kumtazama mume wangu, bado hana hakika. Ndipo simu ikalia. Fundi akapokea kwa mazoea, kama alivyopokea kila mchana wa maisha yetu, na akajitaja kwa mdomo wake.

"Na wewe ulicheka," mke wa mpiga rangi akaniambia. "Simu yake ina sauti kubwa. Walikusikia unacheka nao."

Nilimfungia sketi yake kwenye karatasi. Alinisaidia kushika kamba.

Fundi alirudi jioni, akakaa kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Akauliza, "Nani mwingine?" Nikasema nilimwambia Chiriku peke yake. "Peke yake," akarudia. Nikamweleza kwamba nilipocheka sikujua wanacheka nini, nikaapa, nikapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maji ya kuoga. Tangu siku ile hakuniita Fundi tena, wala kwa jina lingine lolote, alikuwa anasema tu, "Mlango," au, "Chumvi."

Mama mkwe naye akaja, kaongozana na wifi yangu aliyemsomea. Na mimi mjinga nilikuwa nimejitayarisha kuombwa radhi! Nilidhani baada ya matusi yote yale, sasa ukweli umejulikana, bibi wa watu atasema hata pole. Thubutu!

"Umemwanika mwanangu kama chupi," akasema.

"Mama, na wewe ulivyoniita mgumba miaka yote?"

"Mimi nilikuita humu ndani. Wewe umemwita mbele ya dunia."

Nikazitoa nguo za wajukuu zake zilizokuwa tayari, nikamkabidhi.

Chiriku nilimwambia afute ile habari la sivyo ile simu naipitishia pasi ya moto, na alijua sitanii. Akafuta, analia, anasema, "Lakini soma maoni yao, dada, wanakuita shujaa!" Nikamwambia sikumwomba ushujaa, nilimwomba anyamaze. Kufuta kwenyewe kazi bure. Wenye blogu nyingine walishaibeba nzimanzima, na mojawapo imeiweka juu ya tangazo la dawa za nguvu za kiume. Mtu anamaliza kumsoma mume wangu, anauziwa vidonge. Siku hiyo hiyo nikamfungasha Chiriku na mabegi yake, akaenda kukaa kwa rafiki yake.

Fundi alipata kazi kwenye gereji ya mji mwingine. Asubuhi ya kuondoka alifuta spana zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku kubwa kwa ndogo, nami nimekaa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali na haushoni kitu. Alipofika mlangoni akaweka sanduku chini. Akasema aliyoyasema. Nikamjibu. Akainua sanduku lake, akaenda.

Chiriku akaja baada ya siku chache, macho yamevimba. Alinikumbatia nikamwacha anikumbatie, maana sina mwingine. Kilio chake nakijua tangu akiwa mgongoni kwangu, kinaanza na kwikwi, na kile kilikuwa cha kweli kabisa. Akachukua pasi bila kuambiwa, akaanza kunyoosha marinda ya sare za shule zilizolala pale. Tukakaa hivyo muda mrefu, na kidogo nikaanza kuona kama nyumba ina watu. Nilijua pia kwamba blogu yake bado anaiendeleza. Nilikuwa nimeona maoni ya wasomaji wake kwa simu ya mteja: Ikawaje? Mume alijua? Tunasubiri, usituache hewani. Na somo la Mwalimu nalikumbuka, maana lilisomwa chumbani kwangu: msomaji akiuliza ikawaje, mpe, na mpe kwa vitu vidogo vya kweli.

Basi mdogo wangu akaweka pasi pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema taratibu, "Dada. Pale mlangoni. Alisema nini hasa?"

Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba umefungwa zipu. Huenda aliuliza kama mdogo mtu anavyomuuliza dada yake. Nilimtazama usoni, uso niliouosha makamasi mwenyewe, nikitafuta ni nani anayeuliza, nikashindwa kujua. Kuondokewa na mume niliweza kulilia. Hilo sikuweza hata kulilia.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Alibeba sanduku lake, akaenda."

Alisema, tena alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kunipa kwa siku moja, na mimi nikamjibu yote. Ninayo. Ndiyo kitu pekee cha nyumba ile ambacho hakuna aliyekisoma. Na nyinyi mliofika nami mpaka hapa mkidhani mtayapata, mnisamehe sana. Vipimo vya gauni chukueni, hivyo ni vya bure.