Supu Iliishia Mlangoni

Nimefukuzwa mara nne maishani, na mara tatu kati ya hizo nilistahili. Seminari walinifukuza kwa kucheka saa ya ukimya. Mnunuzi mmoja wa kahawa kule kwetu Izimbya alinifukuza kwa kulala juu ya magunia yake, ambayo kwa kweli yalikuwa laini kuliko kitanda changu. Hoteli moja ya mjini Bukoba ilinifukuza kwa sababu ambayo mke wangu Felicitas hapendi niitaje. Ya nne ndiyo hii ninayowasimulia watu bila kuombwa.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, kabla hatujaanza kuitana ndugu. Nilikuwa mhudumu katika chumba cha kulia cha daraja la kwanza, kwenye meli iliyokuwa ikizunguka ziwa letu. Tulikuwa watatu: mimi, Kagaruki, ambaye urefu wake ulimfanya auheshimu kila mlango kwa kuinama, na Bashiri, ambaye hakuwahi kumwaga kitu isipokuwa siri. Tulivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia nyekundu yenye shada. Miguuni hatukuvaa kitu. Hilo lilikuwa agizo, kwa maelezo kwamba viatu vyetu vingewapigia wageni kelele wakati wanatafuna.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Zahoro, mtu wa Tanga, nadhifu kama kitambaa cha altare. Yeye alivaa koti, tai na viatu vyeusi. Naye aliwahi kutembea peku ndani ya meli hiyo hiyo, miaka kumi na mmoja, na tangu siku alipopewa viatu alivipiga rangi asubuhi na jioni, kana kwamba anaogopa vitamkimbia.

Juu ya mlango wa chumba cha kulia kulikuwa na ubao: HAKUNA KUINGIA BILA KOTI, TAI NA VIATU. WANAWAKE GAUNI NA VIATU. Bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, ubao ukabaki. Zamani ulikuwa kwa Kiingereza. Baada ya Uhuru waliuandika kwa Kiswahili, ili tuzuiwe kwa lugha tunayoielewa.

Siku hiyo, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, bado tumefunga gatini Bukoba, akapanda ngazi mama mmoja mtu mzima, mkononi ana kikapu. Alivaa busuti, lile vazi refu la akina mama wa kwetu, ya rangi ya nyasi kavu, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Miguu yake mitupu ilipakwa samli ikang'aa. Nikampokea kikapu.

"Ma, daraja la tatu ni upande wa nyuma."

"Nani kakuuliza?" akasema, akanionyesha tiketi. Daraja la kwanza, Bukoba hadi Kemondo.

Nikacheka. Kemondo ni hapo tu. Meli ikitoka Bukoba unafika kabla chakula hakijashuka tumboni. Hakuna mtu anayepanda daraja la kwanza kwenda Kemondo.

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema. "Jina langu Kokushubila, wa Nshamba. Shika."

Akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akanipa punje mbili za kahawa ya kutafuna. Nikazitia mdomoni bila kufikiri. Kwetu ukishapokea kahawa ya mtu umeingia nyumbani kwake, hata kama nyumba yenyewe ni ngazi ya meli. Ningejua yaliyokuwa yanakuja, pengine ningesema meno yananiuma.

Akanieleza tukitembea. Watu wa Nshamba walijenga zahanati kwa kujitolea. Mkubwa mmoja wa serikali alikuja kuweka jiwe la msingi akawaambia wainue kuta, serikali italeta mganga na dawa. Wakainua kuta, wakaezeka, wakapiga sakafu ya saruji wakaisugua kwa mawe hadi ikawa kama kioo. Mganga hakuja. Mbuzi ndio waliokuja.

"Mkwe wangu Joviana alibebwa kwa machela mwaka jana kupelekwa hospitali," akasema. "Mtoto akamfia njiani, pale kwenye mlima. Sasa ana mimba tena, iko mwezi wa sita. Nimekaa siku tatu kwenye benchi la ofisi ya yule mkubwa hapa Bukoba. Mara njoo kesho, mara yuko kwenye mkutano, mara ametoka. Jana nikasikia anapanda meli hii kwenda Mwanza, kisha Dar es Salaam. Nikasema, atakula. Kwenye meli hakuna mlango wa nyuma."

"Nani huyo?"

"Nathanieli Mushumbusi, mtoto wa kijiji cha Kahororo. Babake tulimzika sote."

Nilimjua. Alikuwa ameshapanda, suti ya kijivu, tai yenye michirizi.

Meli ikapiga honi, tukaondoka. Kengele ya chakula ikalia. Ma Kokushubila akaja mlangoni, na Bwana Zahoro akawa amesimama chini ya ubao wake.

"Karibu, mama. Samahani. Viatu."

"Sina."

"Basi haiwezekani. Ni sheria."

"Nimelipa chakula cha humu ndani."

"Utaletewa kwenye benchi la nje, kwa heshima zote."

"Benchi nimelichoka. Nimetoka kwenye benchi."

Bwana Zahoro hakuwa mtu mbaya. Akaliendea kabati, akatoa sanduku la kuazima: tai nne na jozi moja ya viatu vya kike ambayo bibi mmoja wa Kizungu aliisahau. Akapiga goti mwenyewe, akaviweka mbele ya ile miguu. Ma Kokushubila akavitazama, akaingiza kidole gumba cha kulia. Kikaingia kidole gumba. Vingine vikabaki nje vinasubiri zamu.

"Mguu huu umebeba mawe ya zahanati," akasema. "Hapa ndani angekaa nani, sungura?"

Kagaruki akakohoa ili asicheke. Ndani abiria wakageuza shingo. Nathanieli Mushumbusi alikuwa meza ya dirishani. Akamwona, akamtambua, nami nikamwona akimtambua. Kisha akainua kadi ya vyakula akaisoma kama Injili. Ilikuwa na mistari mitatu: supu, samaki, keki.

"Mwana wange!" Ma akamwita. Kadi ikapanda juu zaidi.

"Mama, usipige kelele," Bwana Zahoro akasema, jasho likimtoka. "Sheria haina jina la mtu. Asiye na viatu haingii, hata angekuwa mama yangu mzazi."

"Na yule mwenye kanzu, hana tai?"

"Yule ni padri."

"Na huyu je?" Akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimeshika sinia la supu, bakuli sita. "Kanzu. Tai hana. Viatu hana. Tangu nimesimama hapa ameingia mara mbili."

"Huyu ni mhudumu. Hahesabiwi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua imeacha. Ndiyo maana iliuma. Nimeitwa mengi maishani, na mengi nilijibu kwa mzaha, lakini hapo mzaha haukuja. Nilihisi tu zile punje za kahawa, bado ziko shavuni.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikawa nje ya kizingiti.

"Ildefons, supu inapoa."

"Naiona, bwana. Lakini ubao unasema bila viatu haingii mtu. Nilikuwa naingia kwa makosa miaka yote hii. Unisamehe sana."

"Acha mchezo."

"Kagaruki," nikaita, "wewe una viatu?"

Kagaruki alikuwa ndani, kijiko cha kupakulia mkononi. Akaiangalia miguu yake mirefu kwa muda, kama mtu anayehakikisha. "Lo! Sina," akasema. Akakiweka kijiko mezani, akainama mlangoni, akatoka. Bashiri akatoka nyuma yake amebeba mkate wote. Tukasimama watatu kwenye ujia, na supu na mkate wetu, kando ya Ma Kokushubila, ambaye alikuwa ameshakaa chini, miguu kaikunja upande mmoja kama mama yeyote wa kwetu aliye nyumbani kwake.

Bwana Zahoro alibeba supu mwenyewe. Alichukua bakuli mbili, akafika meza ya kwanza. Akachukua mbili nyingine, meli ikayumba kidogo, na supu ikamwagikia kiatu cha kushoto. Akasimama pale akikitazama. Sijasahau uso wake. Nadhani aliikumbuka ile miaka kumi na mmoja.

"Mnajua mtafukuzwa," akatuambia kwa sauti ya chini.

"Wasiohesabiwa wanafukuzwaje?" Bashiri akauliza. "Mtaandika wangapi?"

Samaki wakatoka jikoni wakaishia kwetu mlangoni; harufu ikaingia ndani, wenyewe wakabaki nje. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa padri. Akaja na sahani yake, akasema njaa haijui itifaki. Nikampakulia kizingitini. Akafuata mnunuzi wa kahawa na mkewe, kisha meza nzima ya walimu, wanacheka, wanapanga foleni na tai zao. Kila mmoja alipofika, Ma Kokushubila alimkaribisha kahawa. "Karibu. Mimi wa Nshamba. Tuna zahanati, haina mganga." Mtu anapokea, anasikia. Nusu saa haikwisha, chumba kizima kilikuwa kinaijua zahanati ya Nshamba, na shingo zote zilikuwa zimegeukia meza ya dirishani.

Nathanieli alibaki peke yake mle ndani. Kisha akaja, sahani mkononi.

"Ma Kokushubila," akasema, "sikukuona."

"Najua. Ulikuwa unasoma." Akamnyooshea jani la mgomba. "Shika kahawa."

Mkono wake ulisita. Ni Mhaya yule; alijua anachopewa ni nini. Kukataa mbele ya watu wote wale asingeweza, na kupokea kulikuwa na gharama yake. Akachukua punje moja.

"Sasa kaa."

Akakaa sakafuni na suti yake.

"Jambo lenu nitaliangalia nikifika Dar es Salaam," akaanza.

"Sikutafuta tiketi ya daraja la kwanza ili niangaliwe. Niambie tarehe."

"Ma, mambo ya serikali hayaendi hivyo."

"Mimba ya Joviana ndiyo inaenda hivyo. Ina tarehe. Nawe nipe yako."

Honi ya Kemondo ikalia. Watu wote wakasogea na sahani zao. Nathanieli akatoa kalamu, akatafuta karatasi, akakosa. Bwana Zahoro, mwenyewe, bila kuambiwa, akaingia ndani akamletea ile kadi ya vyakula. Nyuma ya kadi Nathanieli akaandika: mganga na sanduku la dawa, Nshamba, tarehe saba mwezi wa tisa. Akatia sahihi. Ma Kokushubila akampa padri aisome kwa sauti, kisha akaitia kifuani, akashuka ngazi na kikapu chake, amekula supu, samaki na keki ya watu wawili.

Mwanza tukafukuzwa wote watatu. Felicitas alinuna wiki nzima, kisha akanisimulia kisa changu mwenyewe mbele ya dada zake, akakiongezea chumvi.

Mganga alifika Nshamba tarehe tisa. Siku mbili tulisamehe. Ma Kokushubila alitualika sisi watatu, tukaja na mashati yetu ya Jumapili. Joviana alikuwa wa kwanza kwenye benchi, tumbo mbele, na mganga alikuwa ndani anapanga chupa zake. Nathanieli akashuka kwenye gari kuja kufungua rasmi, akapita kwenye tope, akafika kizingitini. Ma Kokushubila alikuwa amesimama hapo, na juu yake ubao mpya, maandishi ya mkaa: HAKUNA KUINGIA NA VIATU.

"Ma, mimi ni mgeni rasmi."

"Sakafu tumeisugua kwa mawe, mwana wange. Sheria haina jina la mtu."

Watu mia mbili wanatazama. Akainama, akafungua kamba. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje, kimepauka, kama mtu aliyefungwa muda mrefu.

"Haya, ingia," Ma akamwambia. "Sasa umevaa sawasawa."