Lami ya Ndani

Mke wangu alihamia kwa dada yake mwezi wa pili, na cherehani yake na sanduku moja. Hakugomba. Alisema tu amechoka kuishi na mtu anayetania kila kitu, hata msiba. Na kweli, siku tuliyomzika mama yake niliwatupia wachimba kaburi neno moja, makaburi mazima yakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mwezi wa tano nikambembeleza kwa simu mpaka akakubali siku mbili za kambi kwenye bwawa linalonywesha mji wetu.

"Jumapili nitakwambia kama narudi au sirudi," akasema. "Na vichekesho viache nyumbani, baba'ke."

Pale bwawani kuna boti za kukodi. Mwanamume mwenye akili zake angekodi. Mimi ni fundi matangi, nimeziba matangi ya watu miaka ishirini na mbili, nikaona aibu kumpandisha mke wangu chombo cha mwingine. Kwa wiki sita, kila nikitoka kazini, niliunda boti yangu mwenyewe: nilikunja bati, nikapiga ribiti, nikapaka lami kwenye maungio. Ilipokamilika niliijaza maji hadi ukingoni, nikaiacha uani siku tatu. Halikudondoka hata tone.

Jirani yangu kinyozi alichungulia juu ya ukuta. "Shemeji yetu utamwogesha humo?"

"Kanyoe vipara huko," nikamjibu. Nilikuwa na furaha, wee acha tu.

Jumamosi ilikwenda vizuri hadi nikaogopa. Dada mtu alimshusha, akanisalimia kupitia dirisha la gari kama mtu anayesalimia duka lililofungwa, akaondoka. Tukasimamisha hema kwenye nyasi karibu na ukuta wa zege. Mke wangu alipika chai, akanisimulia mteja aliyerudisha mapazia mara tatu kwa sababu ya rangi. Nilikuwa na vichekesho vinne kuhusu mteja huyo. Nikavimeza vyote vinne.

Asubuhi tukavaa majaketi ya kuelea, nikapiga makasia hadi katikati. Maji yalitulia kama kioo. Akatumbukiza vidole pembeni, akasema, bila kunitazama:

"Mama angependa hapa."

Nikaweka makasia chini. Nilijua mlango umefunguliwa, na ni mimi wa kuingia.

"Siku ile ya mazishi," nikaanza, "mimi..."

Soksi ikalowa.

Nikatazama chini. Lami yangu ilikuwa inabanduka kwenye maungio, ndefu, laini, kama utando wa maziwa, na nyuma yake maji yakiingia bila haraka. Nikaelewa palepale. Tangi hubeba maji ndani, kwa hiyo fundi hupaka lami ndani, na maji yenyewe huigandamiza kwenye bati. Boti maji yake yako nje. Yanaisukuma lami iachie. Miaka ishirini na mbili mkono wangu umejua upande mmoja tu, na hata kuijaribu nilikuwa nimeijaribu kama tangi.

Mke wangu alishaokota sufuria ya chai tuliyopanda nayo, anachota na kumwaga nje. Mimi nikishikwa na hofu, hofu hutoka na maneno.

"Usihofu, mteja," nikasema. "Tangi hili lina dhamana ya mwaka mzima."

Zamani angepiga kelele: we mwanamume utaniua na ujinga wako! Nilizisubiri kelele hizo kama mtu anayesubiri mshahara. Akaendelea kuchota.

"Piga kasia," akasema. "Tafadhali."

Tafadhali. Miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kuniambia neno hilo. Ni neno la kuwaambia watu wa dirishani benki.

Boti ilizama kwenye maji ya kiunoni, hatua ishirini kutoka ukingoni. Tukatembea kutoka, kila mtu peke yake. Mlinzi wa bwawa alikuja, akatutazama, akaitazama ile ncha ya bati iliyobaki juu.

"Fundi, hiyo nayo ni nyambizi?"

Nikainama, nikaanza kukamua soksi.

Mke wangu akampigia simu dada yake, kisha akakunja hema, pembe kwa pembe, kama mapazia ya mtu.

"Jibu unalitaka sasa au jioni?"

"Sasa."

"Sirudi."

"Kwa ajili ya boti?"

"Boti ilikuwa nzuri." Alisema hivyo kwa upole, na ndio ulioniua. "Ulikuwa umefika, baba'ke. Ulikuwa unasema. Maji yalipoingia ukarukia mzaha kama mtu aliyeokolewa."

"Basi niache niseme sasa."

Dada yake hakuwa mbali; gari lake lilikuwa limeshasimama kwenye kokoto. Akafungua mlango, akaushika, akanigeukia.

"Sema."

Akanisubiri. Kweli alinisubiri, maji yakichuruzika kutoka kwenye gauni lake. Nikafungua mdomo, na kilichokuja mbele, Mungu anisamehe, kilikuwa kichekesho. Tena kizuri. Nikakimeza, nikatafuta kilichokuwa nyuma yake. Hapakuwa na kitu.