Kaburi la Wazazi Wawili

Karatasi za kukaushia damu ziliisha kabla ya maiti kwisha. Hilo ndilo jambo ambalo Evodie, aliyefanya kazi ya labo katika hospitali moja ndogo ya Kalemie, alilazimika kulieleza tena na tena mwaka mzima uliofuata.

Boti ya mbao iliyotoka Moba ilipinduliwa na upepo ziwani ikiwa imekaribia mji. Maiti zilizoopolewa zilikuwa nyingi, na joto halikuruhusu kuzilaza. Ilibidi zizikwe upesi, hata zile ambazo hakuna aliyezitambua. Evodie alichota damu ya kila mmoja ili siku moja ilinganishwe na ya wazazi. Alidondosha tone juu ya karatasi nene, akaliacha likauke kivulini, kisha akaitia karatasi ndani ya bahasha. Damu iliyokauka vizuri hukaa miaka bila frigo. Karatasi zilipoisha, damu ya waliosalia ilibaki mbichi ndani ya vichupa, kwenye frigo ya labo.

Halafu umeme ukakatika. Daktari Edmond, mkubwa wa hospitali, aliwasha jenereta wakati wa upasuaji tu, maana mafuta yalikuwa haba. Evodie hakuweza kumlaumu. Hata yeye angemchagua mama anayepasuliwa kuliko vichupa vya marehemu. Umeme uliporudi, damu ilikuwa imegeuka rangi na inanuka. Aliituma hivyo hivyo, pamoja na zile karatasi, kwenye labo kubwa ya Kinshasa, kwa kuwa alikuwa amechoka kutafuta la kufanya.

Majibu yalikuja. Wale wa karatasi walipata majina yao. Wa vichupa hawakupata kitu: vinasaba vilikuwa vimekatika vipande vipande, havisomeki. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutambuliwa kwa nguo au kwa kovu. Alibaki msichana mmoja tu, na wazazi wawili, kila mmoja alisema ni mwanawe.

Mmoja alikuwa Papa Abdoul-Karim, muuza vitambaa aliyezoea kuvuka kwenda Kigoma. Binti yake Mouna alikuwa ndani ya boti ile. Mwingine alikuwa Mama Syntiche, mkulima wa Kirungu, kule juu kwenye milima ya Marungu. Yeye alimpoteza Yvette. Wasichana hao walilingana umri na kimo, na ziwa lilikuwa limerudisha mmoja tu, akazikwa kabla wazazi hawajafika.

Evodie aliwaita wote wawili. Walikaa kwenye benchi moja, kila mtu ncha yake.

"Damu haikutoa jibu," alisema.

"Haikutoa namna gani?" Mama Syntiche aliuliza. "Ya wengine mbona imetoa?"

"Ya wengine ilikaushwa, mama. Ya huyu ilikaa mubichi, joto likaipata. Damu ni kama ndakala, hizi samaki ndogo za ziwa. Ukizikausha, unazila hata mwaka ujao. Ukiziacha mubichi, kesho hazifai."

"Na nani aliiacha?"

Evodie alitaka kueleza habari za umeme, za mafuta, za karatasi. Akaona hakuna hata neno moja ambalo mzazi angeweza kwenda nalo nyumbani.

"Ilikuwa humu ndani, mikononi mwangu," alisema. "Imebaki njia moja. Jino linalinda vinasaba kuliko damu. Tukifungua kaburi, tunaweza kutoa jino."

"Mufungue. Hata leo."

Papa Abdoul-Karim alisimama. "Hapana. Marehemu hasumbuliwi. Nimemusomea dua, nimemuacha kwa Mungu. Mutoto wangu hatafukuliwa."

"Nani alikuambia njo wako?"

"Na wewe, nani alikuambia?"

Waliendelea kugombana mpaka nje. Evodie alilaza kichwa juu ya meza, kando ya hadubini, akabaki hivyo hadi sauti zao zilipopotea.

Zilipita wiki nyingi. Asubuhi moja Papa Abdoul-Karim alirudi peke yake, akasimama mlangoni.

"Karibu, Papa. Ingia."

Hakuingia. "Mama Evodie, silali. Kama yule njo Mouna, niko na haki ya kukatala. Lakini kama si Mouna, nimemufungia mama wa watu mutoto wake. Na mimi sijui. Muntu mwenye hajui anakatala namna gani?"

"Basi umekubali?"

"Nimeshindwa," alisema. "Mufungue."

Ruhusa ya mahakama ilipopatikana, kaburi lilifunguliwa. Wazazi walisimama kila mmoja upande wake. Evodie alilisafisha jino, akalikausha, akalitia katika bahasha ya karatasi, maana plastiki hufungia unyevu na unyevu huozesha. Likaondoka na ndege. Wakaanza kungoja upya. Masika yalikuja, yakaenda zake.

Jibu liliposomwa, lilikuwa Yvette.

Mama Syntiche alianguka chini akalia kana kwamba kifo ndiyo kwanza kimetangazwa. Papa Abdoul-Karim alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Wangu, basi, yuko ziwani." Evodie alimpa maji. Mzee alikishika kikombe mkononi, hakunywa.

Mama Syntiche hakuwa na namna ya kumpandisha binti yake mpaka Kirungu. Alimwekea msalaba wenye jina lake, na siku ya kurudi kwenye mashamba yake alikwenda kumuaga. Evodie alimsindikiza. Walimkuta Papa Abdoul-Karim amefika kabla yao.

"Mama Syntiche," alisema, "mimi nilikuwa nakuja hapa kila Ijumaa. Napalilia, naongea naye. Sasa najua si mutoto wangu. Lakini ziwa siwezi kulipalilia." Aling'oa jani lililoota kando ya msalaba. "Naomba uniruhusu niendelee."

Mama Syntiche alijifuta uso kwa pindo la kikwembe alichojifunga. Alimtazama mzee huyo aliyemnyima usingizi karibu mwaka mzima.

"Ukuje, Papa Mouna," alisema. "Na Mouna pia umuite hapa. Yvette hatakatala."

Evodie aliwaacha pale. Wagonjwa wa malaria walikuwa wamejaa kwenye baraza ya labo tangu asubuhi, na hakuna mwingine wa kuwapima.