Viti Vilitoka, Mama Hakutoka

Baba alipofariki, lenzi yake ndefu ya zamani alimwachia Mziwanda, binti yake wa mwisho, aliyekuwa akiishi kwa kupiga picha. Kaka mtu alikuwa fundi wa kamera. Lenzi ilipohitaji kusafishwa, dada alimpelekea yeye. Hakumwamini fundi mwingine.

Alimpelekea tena siku chache kabla ya mama yao, mkunga, kuagwa kazini. Siku ya sherehe Mziwanda aliketi nyuma kabisa ya ukumbi wa hospitali, asimbughudhi mtu. Kamera yake ya filamu haionyeshi kile lenzi inachokiona. Ina kidirisha pembeni, na ndani yake taswira mbili unazozisogeza mpaka ziwe moja. Alizisogeza zikalaliana barabara, akabonyeza. Mama akilia. Mama akicheka na wenzake. Kaka naye alikuwa mbele na kamera yake.

Filamu ziliposafishwa, Mziwanda alizitazama picha moja moja. Katika kila picha uso wa mama ulikuwa ukungu mtupu, ilhali viti vya nyuma yake vilionekana hadi misumari.

Akapanga chupa uani, moja nyuma ya nyingine, akazipiga picha. Aliyoilenga ikatoka ukungu, ya nyuma yake ikatoka safi. Akaifungua lenzi. Kiringi chembamba cha shaba kinachokaa kwenye kitako chake, kinachoiweka kwa umbali sahihi na filamu, hakikuwepo.

Akaenda kwenye karakana ya kaka yake.

“Kaka, kiringi kiko wapi?”

“Kiringi gani?”

“Usinifanye mtoto.”

Fundi akaweka bisibisi chini. “Mimi ndiye niliyembebea baba mikoba ya kamera, wewe hujazaliwa. Halafu lenzi ukapewa wewe, hivi hivi tu.”

“Si ungeniomba?”

“Nikuombe kilicho changu?”

“Yule alikuwa mama, kaka!”

Fundi akafungua droo, akamsukumia kiringi mezani bila kumtazama.

Jumapili walikutana kwa mama. Picha za kaka zilishatundikwa sebuleni.

“Na zako, mwanangu?” mama akauliza.

“Ziliharibika, mama.”

“Pole. Afadhali kaka yako alikuwepo. Huyu karithi jicho la baba yenu.”

Mziwanda akamtazama kaka yake, akingoja aseme lolote. Kaka akainamia sahani, akaendelea kula.

Siku hizi lenzi anaitengeneza mwenyewe. Wakipishana mlangoni kwa mama, humwamkia kaka yake kama anavyomwamkia jirani, akapita.