Kibindo Mlangoni

Wanaopunguza umri nawajua wengi. Kampuni iliyotupa kazi mjomba na mimi ilikuwa inajiongezea. Ni kampuni kubwa ya uwekezaji: inachukua pesa za watu, inazitawanya kwenye hisa na hatifungani za dunia nzima, kisha inawatumia ripoti ndefu ya kuwaambia watulie. Na ilikuwa na desturi yake. Kila ikinunua kampuni kongwe kuliko yenyewe, historia yake inaanzia kwa huyo mkongwe. Ni kama kijana aoe ajuza, kesho yake adai ana wajukuu.

Kazi yetu ilikuwa kuichora historia hiyo ukutani, ghorofa ya juu, mtu anapotokea kwenye lifti. Mjomba ni mchora mabango. Mimi ni brashi yake ya pili na domo lake la kwanza. Mstari wa bluu ulianzia dirishani ukaenda kulia, na juu yake tukapanga kampuni zote zilizomezwa, kila moja kwa mwaka wa kuzaliwa. Kitindamimba, kule mwisho karibu na lifti, ilikuwa Kibindo.

Kibindo ilikuwa ya Mama. Yeye na wenzake wawili waliianzisha katika chumba kimoja juu ya fundi cherehani, wakawekeza akiba za walimu na wauguzi. Vyerehani vilipiga kelele hadi bei za hisa zikawa zinatajwa kwa kupayuka, na fundi wa chini akalijua soko kuliko wateja. Baadaye wakubwa wakainunua, wakabandua kibao, na Mama akarudi nyumbani na mto wa kiti chake. Toka hapo hakulitaja jina hilo, mpaka nilipomwambia kwamba liko ukutani na wastaafu wamealikwa. Siku hiyo hiyo akapeleka kitambaa kwa fundi.

Sherehe ya kuuzindua ukuta ilisimamiwa na dada mmoja wa mawasiliano ambaye tulimpa jina Bi Marekebisho. Tukisikia viatu vyake, mjomba anafumba macho.

"Tumenunua nyingine," akatuambia. "Ni kongwe kuliko sisi."

"Tunaipa shikamoo," nikasema.

Hakucheka. Tukafuta, tukawasogeza wote kulia. Rangi haijakauka, akarudi: imepatikana nyingine, iliyoanza kwa kukatia meli bima, babu yake yule babu. Tukasogeza tena. Ukuta ule haukukalika. Kampuni zilisukumana kama ndoo kwenye foleni ya bomba, na aliye mkiani ndiye aliyezidi kubanwa.

Asubuhi ya sherehe akaja na simu mbili, moja kila sikio.

"Moja tu," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho."

"Binti yangu, ukuta umekwisha," mjomba akamwambia.

"Basi ile ya mwisho kulia itoke. Kwanza ilikuwa ndogo."

"Dada, hiyo ni ya mama yangu," nikasema.

Akanitazama kana kwamba nimesema lifti ni ya mama yangu. "Mdogo wangu, sina ubaya na mama. Lakini ndege ya mkurugenzi mkuu imeshatua."

Alipoondoka, mjomba akakusanya brashi. "Usinikodolee macho. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Ila mabango ya matawi yote yamo mkononi mwa huyu binti. Nakwenda kuosha brashi. Nikirudi, ukuta uwe kama alivyosema."

Ukuta ukawa kama alivyosema. Mlango wa lifti hakuna aliyeutaja. Nikauvusha mstari wa bluu juu ya fremu, nikaandika KIBINDO kwenye mabati yote mawili ya mlango, ile I ya katikati imekaa juu ya ufa, nusu huku nusu kule. Nikapepea kwa kipande cha boksi hadi mkono ukafa ganzi. Mjomba aliporudi akaona, akaanza kupakia brashi zake.

Nilichosahau ni kwamba anayekuja kwa lifti hukuta mlango umefunguka, na jina limeingia ukutani.

Mama alifika na gauni jipya. Akaufuata mstari kwa macho, akarudi nao, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

"Wametutoa?" akaniuliza polepole.

"Geuka, Mama."

Mabati yakakutana. Akasoma. Mkono ukapanda shingoni, ukabaki hapo. Mara lifti ikaleta wageni wengine na Kibindo ikapasuka katikati. Wageni wakaanza kuelekea kwenye vinywaji.

"Samahani, wanangu," Mama akawazuia. "Ngojeni mlango ujifunge."

Wakangoja, wakidhani ni mwenyeji. Ukajifunga. "Hii ilikuwa yetu," akawaambia. "Watatu, juu ya fundi cherehani." Ikaja lifti nyingine, akawazuia na hao. Hakuketi, hakunywa kitu.

Kisha mlango ukafunguka, akatoka mkurugenzi mkuu, na Bi Marekebisho ubavuni. Mama akasimama mbele yao. Bi Marekebisho akanitazama; nikamtazama mjomba; mjomba alikuwa anaangalia dari kama anayetaka kuipigia hesabu ya rangi.

"Tunangoja nini?" mkurugenzi akauliza.

"Mlango," Mama akamjibu, akamshika bega na kumgeuza taratibu, kama mtoto anayepigwa picha.