Iliyochujwa Mara Mbili

Walimwita Nyuki kwa sababu ya mlio wa pikipiki yake, mashine ya mashindano ambayo ikipita mbele ya watazamaji meno yanawawasha. Yeye ndiye aliyeipanda, mumewe ndiye aliyekuwa fundi wake, na nyumbani kwao hapakuwa na mpaka kati ya jiko na gereji. Spana zililala na vijiko, na hakuna aliyelalamika.

Wiki ya mashindano, mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake, alikuja na makopo mawili ya oili. Mjomba alikuwa na duka la oili na vipuri, mtu wa mvi fupi, wa kunukia marashi, wa kukumbatia watu mpaka wakose pumzi.

"Mwanangu, hii ni ya mashindano hasa, imetoka kiwandani," alisema. "Hata baba yako hutia oili yangu kwenye pikipiki yake. Na kibandiko cha duka langu mtakiweka kwenye tangi, watu wajue una wenyewe."

Alipoondoka, mumewe aligeuza kopo, akasoma mgongoni mwake, akalirudisha mezani.

"Mke wangu, hii siielewi. Alama ya klachi haipo. Klachi ya pikipiki inaogelea humohumo ndani ya oili ya injini. Ukitia oili yenye utelezi wa kupita kiasi, kama ile ya gari, haina pa kushika. Halafu injini hii inachemka vibaya mno, inataka oili isiyogeuka maji ikipata moto. Tutie ile yetu ya siku zote."

"Na mjomba nimwambie nini?"

"Mwambie asante."

"Tutie yake kwenye majaribio tu," alisema Nyuki. "Nisionekane nina dharau."

Mumewe akatia, shingo upande.

Kwenye uwanja wa majaribio, mzunguko wa tatu, Nyuki alitoka kwenye kona akafungua moto wote. Injini ikapiga kelele, lakini pikipiki haikwenda. Klachi ilikuwa inateleza. Aliyekuwa nyuma yake alimkwepa kwa upana wa kiganja, akapita akimtukana. Kisha harufu ikapanda kutoka chini ya magoti yake, harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika sufuriani wiki nzima.

Waliporudi gereji, mumewe alifungua nati ya chini. Oili iliyotiwa asubuhi hiyohiyo ilitoka nyeusi tii, nyepesi kama maji yaliyooshewa vyombo, na mwishoni likadondoka tope. Nyuki akachovya kidole, akasugua. Lilikwaruza kama mchanga. Mumewe akachomoa chujio na kuanza kuvuta kwa koleo kitu kilichojisokota humo. Kilikuwa uzi wa nguo, na pamoja na uzi, unywele mmoja mfupi, mweupe.

Nyuki alifuta kidole kwenye suruali, akatoka.

Alikwenda dukani kwa mjomba vilevile, na buti zake za mashindano. Mbele palikuwa safi, makopo yamepangwa yakang'aa. Alipita kaunta kama mtu wa nyumbani, akasukuma mlango wa stoo.

Joto na uvundo vilimpokea pamoja. Mapipa ya oili chafu, ile inayomwagwa kwenye magereji, yalisimama wazi, na juu ya pipa la karibu walielea kombamwiko. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kifua wazi. Fulana yake ameitandaza juu ya ndoo, anachujia oili, jasho likimtiririka kutoka kichwani na kudondokea humohumo. Pembeni palikuwa na makopo mapya matupu na pasi ya kuzibia vifuniko.

"Karibu, mwanangu," alisema. Hakushtuka hata kidogo.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Kazi. Oili haifi, inachafuka tu. Ukiichuja inarudi."

"Leo nusura nigongwe. Klachi imeungua."

Uso wa mjomba ukamshuka. Alionekana ameumia kwelikweli. "Lakini yako niliichuja mara mbili," alisema kwa upole. "Kwa kuwa ni wewe. Hawa wengine ni mara moja."

Akanyoosha mkono wake uliotapakaa weusi amshike bega. Nyuki akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na ukuta nao ulikuwa unanata.

Alitoka. Kwenye kaunta alisimama dereva wa pikipiki ya abiria, kopo mkononi.

"Kaka, kabla hujalipa," Nyuki alimwambia, "njoo nikuonyeshe jikoni kunapikwa nini."

Dereva alichungulia, akarudi ameziba pua, akaliweka kopo kaunta kwa ncha za vidole. Kabla ya jua kuzama, madereva walikuwa wamejaa mlangoni wakirudisha makopo, na duka likafungwa.

Mumewe alibadilisha pleti za klachi, akaisafisha injini kwa oili nzuri, akaimwaga, akatia ile yao ya siku zote. Siku ya mashindano Nyuki alimaliza wa tano. Watu walimpongeza, naye alikuwa akinusa kucha zake tu. Alikuwa amezisugua kwa sabuni mpaka zikauma.

Mama alikuwa amempigia simu siku ileile duka lilipofungwa. "Umemvua nguo kaka yangu sokoni," alisema, akakata.

Siku chache baadaye alikuja bila kubisha hodi, pindo la gauni lina weusi. Alikuwa amekwenda stoo kuangalia mwenyewe. Aliomba maji, akanawa mikono, akanawa tena.

"Mumeo yupo?" aliuliza.

"Yupo gereji."

"Mwambie akamwage oili ya pikipiki ya baba yako. Leo hii."