Nduku Aokoka Mara ya Nne

Mama mkwe wake alipookoka mara ya nne, Ndila alitamani ardhi ya Kalamba ipasuke immeze.

Mwinjilisti mgeni kutoka Kitui hakuwa hata amemaliza kuuliza nani anataka kumpokea Yesu. Nduku, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa ameshasimama na kitambaa chake cha kichwa kimelegea, anakwenda mbele. "Malaika wanashangilia!" akapaaza sauti mwinjilisti. Waumini wa pale wakaanza kukohoa. Malaika hao walikwisha kushangilia Mbumbuni, wakashangilia Salama, na mwaka juzi wakashangilia papo hapo.

Ubaya ni kwamba Ndila ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo. Miaka kumi amewaeleza watu kwamba wokovu ni neema, haupatikani kwa matendo. Kwamba Kristo alikufa mara moja ikatosha. Kwamba aliyezaliwa mara ya pili hana haja ya kuzaliwa mara ya tatu. Watu wa mbali walielewa. Nyumbani kwake mwenyewe, mtu alizaliwa upya kila mkutano.

Kesho yake walikuwa wanachagua ndengu.

"Mama, ulipookoka Mbumbuni, Yesu alikuja ama hakuja?"

"Alikuja."

"Sasa akaenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Labda aliingia akaona kitu, akatoka."

Ndila akabwaga ungo chini. "Mimi nimechoka! Watu wanauliza kama kwetu tunafundisha injili ama mazoezi ya kusimama. Kitu gani hicho Yesu hawezi kukiona akakaa?"

Nduku aliendelea kutoa mawe kwenye ndengu. Kisha akasema, "Ni mbuzi."

Ndila karibu acheke. Lakini mama mkwe hakuwa anacheka. Katika ukame wa mwaka wa themanini na nne, watoto wakilala njaa, alimchukua mbuzi wa Kasyoka, mwanamke jirani yake, akamchinja porini. Kasyoka alimshuku Kiilu, ndugu yake mwenyewe. Wazee walipomwita Kiilu barazani, Nduku alikuwepo. Hakufungua mdomo. Kiilu alihamia Salama na hakurudi hata siku ya kumzika Kasyoka.

"Miaka arobaini, mama," Ndila alisema. Hasira haikuwa imemtoka, ila sasa hakujua aielekeze wapi. "Na darasani umekaa mara tatu!"

"Darasani hukuuliza habari ya mbuzi."

Alhamisi wakaenda Salama. Kiilu walimkuta kando ya barabara kuu akishona viatu, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nduku alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba. Kiilu aliendelea kushona mpaka akamaliza soli.

"Dada yangu alikufa akiniita mwizi," akasema.

"Najua."

"Na huyo Mungu wenu amekusamehe?"

Nduku akamgeukia Ndila, kama mwanafunzi anayesubiri mwenzake amnong'oneze jibu. Ndila, mwenye majibu ya kila kitu, akainama kuviangalia viatu.

"Amenisamehe," Nduku akajibu mwenyewe.

"Basi yeye ni mwepesi kuliko mimi. Mimi nipe muda. Na usisimame hapo, unanizibia wateja."

Njiani kurudi nyumbani, Ndila alichemka. Mzee gani huyo, hata kiti hakutoa! Alikuwa ametayarisha maneno ya kumfariji mama mkwe, lakini Nduku alikuwa ametulia kabisa, anamenya chungwa.

"Umemsikia?" Nduku akasema. "Kiilu anataka muda. Ana haki. Mungu hakuniomba muda, mwana wakwa. Hilo sikuwa nimelishika."

"Ndilo nimekufundisha miaka yote hii!"

"Ulifundisha vizuri. Kula chungwa."

Miezi mitano ikapita bila neno. Mwezi wa Desemba, baada ya mvua, Kiilu akatokea uani bila kupiga simu, kofia mkononi. Hakumpa Nduku mkono. Alisema tu kwamba hajui kaburi la dada yake liko upande gani, na shamba limebadilika.

Nduku akachukua jembe, maana njia ilikuwa imefungwa na majani, akatangulia. Ndila alibaki jikoni akiwasikia wakibishana: mzee akisema jembe lile limeshikwa vibaya, Nduku akimwambia kama anajua sana alichukue. Ubishi haukwisha. Akateleka chai, akaongeza kikombe cha tatu.